Begi la safari na kazi: anza na barabara ya mlangoni kwako (uzi mrefu)

Karani_Syokimau

Habari zenu wanajukwaa.

Kila baada ya wiki chache swali hili hurudi hapa: mtu amepata kazi ya mtandaoni, ameanza kuzunguka, anauliza anunue begi gani na vifaa gani. Majibu huwa ni picha za masanduku yanayong'aa na majina ya kampuni. Huu ni mwaka wangu wa 6 nikitunza hesabu za wateja walio nje nikiwa hapa Nairobi, na ni nadra mwezi kuisha sijabeba begi: Kisumu kwa wazazi, Mombasa, Kigali, Dar. Nimenunua vibaya mara kadhaa, na pesa ya kununua vibaya huuma. Acha niandike yote mahali pamoja.

Naanza na kisa. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda basi la usiku kwenda Kisumu. Sanduku langu jeusi likaingia butini. Laptopu nilikuwa nayo mapajani kwenye begi la mgongoni, lakini chaja niliiweka sandukuni katikati ya nguo ili mgongo upumzike. Nakuru abiria mmoja akashuka na sanduku jeusi. Tulipofika Kisumu saa kumi na moja alfajiri, butini mlikuwa mmebaki sanduku moja jeusi, na halikuwa langu. Nikalifungua kutafuta jina: sare za shule zilizokunjwa vizuri, kopo la mafuta ya kujipaka, daftari la mtoto wa darasa la 3. Zamu yangu ilianza saa tatu. Betri ilikuwa asilimia 31. Laptopu ile ilikuwa ya zamani, tundu lake la chaja halikubali chaja nyingine yoyote. Nilizunguka maduka ya Oginga Odinga Street hadi saa saba mchana ndipo nikapata inayoingia. Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mteja yule sikukaa naye sana baada ya hapo.

Yule mama wa Nakuru tulipigiana simu na sanduku likarudi baada ya siku 3, kila kitu kikiwemo. Hakuna aliyeniibia. Nilipanga vibaya.

Tangu siku hiyo nina mabegi mawili na sheria moja. Begi la kazi haliachani na mwili wangu: haliingii butini, halipandi keria ya matatu, makanga hanishikii hata akisisitiza. Ndani yake kuna kila kitu ninachohitaji kufanya kazi siku nzima, pamoja na shati moja na mswaki. Begi la nguo linaweza kupotea wiki nzima na kazi isisimame. Kabla ya kutoka hujiuliza swali moja tu: sanduku hili likishuka na mtu mwingine Nakuru, kesho saa tatu nitafungua kazi? Jibu likiwa hapana, kuna kitu kimewekwa mahali pasipo pake.

Sasa begi lenyewe. Watu huchagua wakifikiria uwanja wa ndege, na uwanja wa ndege ndiyo sehemu laini kuliko zote za safari. Fikiria kutoka mlangoni kwako hadi kwenye gari. Mimi nakaa kama mita 400 kutoka lami. Mvua za Aprili zikianza, ule udongo wetu mweusi unageuka gundi. Gurudumu dogo la sanduku la magurudumu manne linazunguka mara tatu nne, udongo unajizungushia juu yake kama ugali kwenye mwiko, linanenepa hadi linagusa tumbo la sanduku, halafu linasimama kabisa. Kuanzia hapo huvuti tena, unaburuta. Siku moja nilifika stejini gurudumu limelala upande na chuma chake kimechomoza nje. Magurudumu manne yanayozunguka kila upande yametengenezewa sakafu. Kama lazima uwe na magurudumu, tafuta mawili makubwa, ya mpira, yaliyozama ndani ya mwili wa sanduku. Na kama njia yako ni kama yangu, nunua begi la kubeba mgongoni la lita 35 hadi 40 uachane na magurudumu.

Kitu cha pili ni uzito wa begi likiwa tupu. Hiki hakuna muuzaji anayekuambia. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la mkononi la kilo 7. Emirates daraja la kawaida ni 7. Sanduku gumu dogo linaweza kuwa na kilo 3 na nusu kabla hujaweka hata soksi. Nusu ya haki yako imekwenda kwa plastiki. Begi zuri la nailoni la ukubwa huohuo lina kilo 1 na robo hivi. Nenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama wa rejareja. Wauzaji hushangaa kidogo, lakini hawakatai.

Nikipumzika nitaandika kuhusu stima na intaneti. Wenye uzoefu karibuni, hasa wanaopita njia nisizopita mimi.

Fundi_wa_Toi

Umeanza vizuri. Mimi nakarabati mabegi, kibanda changu kiko pembeni mwa soko la Toi, na ninayaona mabegi yakishafika mwisho wake. Niseme yanapokufia.

Kwanza zipu. Watu huangalia meno, lakini meno mara nyingi ni mazima. Kinachochoka ni kile kichwa kinachotelezeshwa. Kikishapanuka kwa kuvutwa, zipu inafunga mbele na kufunguka nyuma yake. Ukiona hivyo usitupe begi. Koleo ndogo, unabana kichwa pande zote mbili polepole, kidogo upande huu, kidogo upande ule, na zipu inarudi kufanya kazi miezi mingi. Ukibana kwa nguvu mara moja kinapasuka. Kichwa kipya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na zipu nzima. Ukigeuza kichwa utaona namba nyuma yake, 5, 8 au 10: ni takriban upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Begi la safari lenye namba 5 kwenye mdomo mkubwa, mimi singelinunua. 8 au 10 ndiyo yenyewe.

Pili, mikanda. Tazama pale mkanda wa bega unapoingia mgongoni mwa begi. Kama kuna mshono mmoja ulionyooka, utakuja kwangu. Kama kuna mraba wenye msalaba ndani yake, fundi wake alijua kazi.

Tatu, wanaonunua mitumba: geuza begi ndani nje kabla ya kulipa. Mabegi mengi yamepakwa ndani utando wa kuzuia maji. Ukizeeka kwenye unyevu unanata vidoleni, halafu unaanza kumwagika kama magamba meupe. Likishafika hapo halitibiki, na unga ule utaingia kwenye kibodi yako. Hata kama nje linapendeza vipi, liache.

Na lile neno la D linaloandikwa kwenye vibandiko, 420D, 1000D: ni unene wa nyuzi, gramu za mita 9,000 za uzi ule. Namba kubwa ni uzi mnene. Lakini kitambaa cha 1000D chenye mshono mbovu hufa kabla ya cha 420D kilichoshonwa kwa makini.

Karani_Syokimau

Fundi, asante sana. Hilo la utando limenikumba, na sikujua lilisababishwa na nini.

MamaPacha_Umoja

Kaka Karani na fundi, shukrani. Nimesoma neno kwa neno kwa sababu nimo kwenye hali hiyo sasa hivi. Nimeajiriwa huduma kwa wateja na kampuni ya Ireland, nafanyia nyumbani Umoja. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa nakwenda Kisumu kila wiki ya pili kumuuguza mama, na kazi naenda nayo. Laptopu nimepewa na kampuni. Nina shilingi 15,000 za kununua kila kitu kingine. Kazi yangu ni ya simu, nikikatika katikati ya mteja inaandikwa. Nianzie wapi? Na je, ninunue sanduku?

Karani_Syokimau

Mama Pacha, pole kwa kuuguza. Sanduku usinunue sasa. Beba nguo kwa begi lolote ulilo nalo. Pesa yote iende kwa begi la kazi na vilivyomo, kwa sababu ndivyo vinavyokulipa mshahara.

Angalia kwanza chaja ya laptopu yako. Kama inaingia kwa tundu dogo la USB-C, una bahati. Nunua chaja moja ya wati 65 ya aina ya GaN, ambayo ni ndogo kama kiberiti cha jikoni na inachaji laptopu na simu. Ile ya kampuni ibaki nyumbani. Kuwa na chaja mbili ndilo jambo la kwanza ningefanya hata kama ningekuwa na shilingi 3,000 tu.

Pawabanki: hapa utadanganywa kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, kama huna macho. Utaona zimeandikwa 50,000 na ni nyepesi kama sabuni. Nzuri ya kweli ya 20,000 mAh haiwezi kuwa na gramu 150, betri zenyewe ndani zinakaribia gramu 300 au zaidi. Pima mkononi. Halafu soma inatoa wati ngapi: ya wati 18 haitachaji laptopu, tafuta ya 65. Kwa ndege kuna hesabu yake: zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata Wh (wati-saa, kiasi cha nishati iliyomo). 20,000 inatoa 74. Zinazoruhusiwa bila kuomba ruhusa ni hadi Wh 100, na lazima ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa. Kati ya 100 na 160 shirika liridhie kwanza. Isiyo na maandishi yanayosomeka inaweza kubaki kwa mkaguzi, kwa hiyo usinunue ambayo wino wake unafutika kwa kidole.

Intaneti: laini mbili za mitandao tofauti, zote zikiwa na bando kabla hujatoka nyumbani. Kwa wazazi wako huenda mmoja unashika jikoni na mwingine unashika nje chini ya mwembe. Hilo utalijua ukifika, jaribu siku ya kwanza kabla ya zamu. Nyumbani Umoja kama una faiba, nunua ile betri ndogo ya kuwasha ruta stima ikipotea. Watu wengi hununua moja, wanaichomeka kwenye ruta, na bado wanakatika. Angalia ukutani: mara nyingi kuna visanduku viwili, kile faiba inakoingilia na ruta yenyewe. Vyote viwili vinataka moto. Tafuta betri yenye matundu mawili, na uhakikishe ni volti ileile iliyoandikwa chini ya vifaa vyako, kwa kawaida 12.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani, nilikuwa zamuni na mteja wa Marekani. Faiba ilikufa baada ya muda hata na betri yangu, kwa sababu huko mbele nako hakukuwa na moto. Simu iliniokoa hadi saa nane usiku, nikiwa na pawabanki moja. Kwa hiyo betri ya ruta na simu ni vitu vya kukaa pamoja, kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Na kuna siku vyote vinashindwa: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja, mtandao ulilegea Afrika Mashariki yote. Siku kama hiyo mwandikie msimamizi wako mapema, usingoje akuulize.

Kwa kazi ya simu, hedifoni ni muhimu kuliko begi. Usivutiwe na zile za kuzima kelele masikioni mwako. Zinazima vizuri mngurumo usiobadilika, kama injini au jenereta, lakini watu wanaoongea bado utawasikia. Na mteja wako hasikii masikio yako, anasikia maikrofoni yako. Nunua yenye kijiti cha maikrofoni kinachofika mdomoni na yenye waya wa USB. Jirekodi ukiwa karibu na dirisha la barabarani, usikilize. Hicho ndicho Ireland watakachosikia.

Kwa bei nilizonunulia mimi: begi la mtumba 2,000, chaja 3,000, pawabanki 6,000, hedifoni 2,000. Unabaki na 2,000 ya laini, bando na kifuniko cha mvua.

Mwana_wa_Likoni

Assalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Niongeze la treni, maana mimi Nairobi–Mombasa ndiyo njia yangu.

Pale Syokimau, kabla hujaingia stesheni, mabegi yote yanapangwa chini kwa mstari, nyinyi mnarudi nyuma, mbwa anapita akinusa. Halafu mashine. Halafu tiketi na kitambulisho. Kwa hiyo lile begi lako la kazi, kaka Karani, hapo lazima uachane nalo dakika kadhaa, na linakaa chini kwenye sakafu watu wanapopita. Laptopu iwe kwenye mfuko wake wenye sponji chini yake pia, si mgongoni tu. Begi nyingi zina sponji upande wa mgongo lakini chini ni kitambaa kitupu. Nimemuona kijana aliliweka begi chini kwa haraka, "ta!", kioo kikafa kabla hajaiona Emali.

Nalo la kazi ndani ya treni: usimwahidi mtu mkutano. Ndani ya Tsavo mtandao unakuja ukienda. Mimi huandika zangu pasipo mtandao, nikifika stesheni ya Miritini, Mombasa, zinatoka zote. Na ukumbuke Miritini si mjini, bado kuna matatu mbele yako na ngazi za kushuka. Magurudumu yatakusaidia kwenye ngazi gani?

Mpigapicha_Langata

Kuna njia nyingine hamjaitaja. Uwanja mdogo wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Ndege ndogo za kwenda Mara na mbuga nyingine huruhusu kilo 15 kwa mtu, na hizo ni pamoja na begi la mkononi. Begi lazima liwe laini. Sababu yake utaiona ukisimama chini ya ndege: mizigo inaingia kwenye tumbo la chini kupitia mlango mdogo, na mpakiaji anayasukuma mabegi kwa goti ili yajae kila kona. Sanduku gumu halikunjiki, linachukua nafasi ya mabegi matatu. Nimeona wageni wakihamishia nguo kwenye mifuko hapo hapo kaunta, sanduku likibaki Nairobi.

Kwangu mimi kamera peke yake ni kilo 8. Kwa hiyo nguo ni kilo 4, na nimejifunza kuvaa koti zito na viatu vizito mwilini, hawakupimi wewe na koti. Betri za kamera naziziba ncha kwa utepe, kila moja mfukoni mwake, zisigusane na funguo.

Jambo jingine kwa wanaopenda mitumba: msinunue begi la rangi za kijeshi, lile la mabaka, hata kama ni imara. Utasimamishwa barabarani, na ukivuka mpaka itakuwa shida zaidi. Hakuna begi la thamani hiyo.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana, nimewasoma kwa makini, lakini mnanisahau mimi na wa rika langu. Nina umri wa miaka 63, nafundisha Kiswahili kwa video wanafunzi walio Ujerumani na Kanada, na uti wa mgongo wangu una matatizo. Daktari amenikataza kubeba mgongoni zaidi ya kilo 4. Nina sanduku la magurudumu manne na nalitetea. Napita njia ya saruji kutoka nyumba hadi lango, teksi inanisubiri hapo. Kwenye foleni ndefu nalisukuma kando yangu bila kuinama wala kulivuta kwa bega moja.

Karani_Syokimau

Mwalimu, shikamoo. Umenirekebisha na nakubali. Nilisema mtu aanze na barabara ya mlangoni kwake, nikasahau kusema aanze pia na mgongo wake. Kwa njia ya saruji na teksi langoni, sanduku lako ndilo sahihi.

Naomba niongeze jambo moja tu: ukilinunua tena, bonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Polikaboneti inabonyea na kurudi. Ile plastiki ngumu ya bei rahisi haibonyei, na ikigongwa kona kwenye baridi ya ndani ya ndege inapasuka. Na vipi laptopu, unaibeba wapi?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Ipo kwenye mkoba mdogo unaokaa juu ya sanduku, mkanda wake umepitishwa kwenye vyuma vya kuvutia. Nikifika kwenye ngazi nauvaa kifuani. Kilo 2 na nusu, nimepima.

Binti_Kinondoni

Habari za Nairobi. Mimi niko Dar, nakuja huko kikazi mara nyingi, kwa hiyo napita njia hiyohiyo kinyume. Wanaokuja kwetu wakumbuke mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na ninyi mliitangulia Agosti 2017, kwa hiyo mnajua habari zake. Vile vimfuko vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa kwa msafiri mradi aondoke navyo. Viatu vyenye tope vifungeni kwenye mfuko wa kitambaa.

Kuhusu umeme: soketi zetu nyingi ni za pini tatu bapa kama zenu, ila kwenye majengo ya zamani mtakuta za pini tatu za mviringo. Rwanda ni pini mbili za mviringo. Adapta moja ya dunia nzima inatosha, lakini ikague kama inakaa imara ukutani. Nyingi zinalegea kwa uzito wa chaja, na laptopu inachaji na kukatika usiku kucha. Mimi nabeba kebo fupi ya soketi tatu: adapta moja ukutani, vifaa vyote kwenye kebo, kebo sakafuni.

Mpakia_Mizigo

Nilipakia mizigo uwanja wa ndege kwa miaka mingi, sasa nimeacha. Mambo matatu ambayo yangewaokoa wengi.

Toeni vibandiko vya safari za zamani. Mashine inasoma kibandiko chochote inachokiona, na begi lenye namba mbili linaweza kuishia pembeni likingoja mtu alisome kwa macho. Kamba na mikanda inayoning'inia fungeni au ingizeni ndani, kwa sababu mkanda wa mashine unazinasa na hapo ndipo mabegi yanapochanika. Na ndani ya begi, juu kabisa ya nguo, wekeni karatasi yenye namba ya simu na mahali mnapokwenda. Kibandiko cha nje kikitoka, hiyo ndiyo itakayolirudisha begi kwa mwenyewe.

Kuhusu begi kupotea au kuvunjika: msitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti kaunta ya mizigo, mpewe namba. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya imo. Begi likiharibika una siku 7 tangu ulipolipokea kuandika malalamiko kwa shirika. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipata. Siku 21 zikipita halijafika, linahesabiwa limepotea. Watu wengi walikuja kwetu baada ya mwezi na sanduku lililopasuka, na haki yao ilikuwa imeshakwisha. Piga picha ya begi likiwa zima, na ya vilivyomo, kabla ya kufunga.

Mhandisi_Ngong_Road

Na hivi vifaa vya kufuatilia, vile vya mviringo vya kuweka ndani ya begi? Vinafaa kwa matatu na mabasi?

Mpakia_Mizigo

Uwanjani vinafaa sana. Lakini havina laini wala satelaiti. Kinapiga Bluetooth, na simu ya mtu mwingine iliyo karibu ndiyo inayopeleka habari. AirTag inategemea simu za Apple zilizo jirani. Uwanja wa ndege zimejaa. Butini mwa basi usiku, kati ya Mau Summit na Kericho, huenda hakuna hata moja. Kwa mabasi nunua kinachotumia mtandao wa simu za Android, ndizo nyingi huku kwetu.

Mhandisi_Ngong_Road

Sawa, asante. Nami nichangie kidogo. Tatizo hili la moto na mtandao Nairobi limefikiriwa zamani. Mwaka 2013 watu wa shirika la teknolojia la Ushahidi hapa Nairobi walitangaza BRCK, kisanduku chenye betri ya saa 8 kinachohama chenyewe kutoka waya hadi laini ya simu. Leo ruta ndogo ya kubeba yenye betri na nafasi ya laini inafanya karibu kazi hiyo. Kwa anayekwenda mbali na minara kuna Starlink Mini, kifaa kidogo cha intaneti ya satelaiti, kilo 1 na kitu, ila inakula kama wati 30. Ile pawabanki ya Wh 74 itaiwasha takriban saa 2 tu, na inataka uwazi wa anga, si chini ya mwembe. Mama Pacha wewe huihitaji.

MamaPacha_Umoja

Wapendwa, nimerudi. Niliwaahidi moyoni nitaleta majibu.

Nilikwenda Toi Jumamosi na mizani. Begi la kwanza nililolipenda, la kijani, niligeuza ndani nje kama fundi alivyosema. Vidole vikanata. Nikaliacha, ingawa muuzaji alishuka hadi 900. La pili, la bluu iliyokolea, lilikuwa na kilo 1.1, mraba wenye msalaba kwenye mikanda yote miwili, namba 8 nyuma ya zipu. Nimelipa 1,700. Sponji ya chini halikuwa nayo, nimekata godoro la zamani la watoto nikashonea, asante Mwana wa Likoni.

Nimefika Kisumu juzi. Kwenye basi nililishika mapajani njia nzima, kondakta akaniambia mara mbili alipeleke nyuma, nikamwambia hapana, asante. Kwa mama mtandao mmoja haushiki kabisa ndani ya nyumba, mwingine unashika vizuri chumba cha mbele. Jana stima ilipotea kuanzia saa tano hadi saa tisa. Nilipokea simu 22, hakuna iliyokatika. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu kimya, akifikiri wateja wananiona.

Fundi, tatizo moja. Zipu ya mfuko wa mbele inafunga, halafu inafunguka nyuma ya kichwa. Nimeogopa kubana mwenyewe. Narudi Nairobi wiki ijayo.

Fundi_wa_Toi

Vizuri hukubana. Huo mfuko usiutumie hadi nikuone, kila ukiuvuta unakipanua zaidi. Njoo nalo asubuhi, kabla ya saa nne sina foleni. Likiwa tupu, tafadhali, nilipindue lote. Nitakaza pia ule mshono wa godoro chini, maana wa mkono hautavumilia uzito wa laptopu kila wiki mbili.